Kandambili siyo ethi

Wiki nzima nimekuwa naoga kwa ndoo, na sababu yenyewe ndiyo nataka tuijadili leo.

Nyumba ninayopanga hapa Sinza ina bafu moja tunalochangia wapangaji wote. Ndani kuna shawa ya umeme, ile inayochemsha maji papo hapo. Tangu nihamie, ukigusa bomba vidole vinakutekenya. Nilipomwambia mama mwenye nyumba alinijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, vaa kandambili. Wenzako wote wanavaa." Nami, msomi mzima na shahada yangu, nikavaa. Miezi minane!

Jumamosi iliyopita haikuwa kutekenywa tena. Nilipigwa shoti mpaka nikaangusha sabuni. Nikaamua kuchunguza mwenyewe. Nikazima mein switchi, nikahakikisha kwa testa, nikafungua shawa. Waya wa ethi umekatwa na kukunjwa pembeni, haujaungwa popote. Nje, kwenye nondo ya ethi, waya wa shaba haupo. Kuna mtu kaenda kuuza kwa kilo. Maana yake umeme ukivuja hauna pa kwenda ila kwenye maji, na kutoka kwenye maji unakuja kwako. Ubavuni mwa shawa imeandikwa wati 5,400. Gawa kwa volti 230, unapata ampia 23 na ushee. Waya uliofungwa pale ni ule mwembamba wa 1.5, wa kuwashia taa!

Nikarudishia kifuniko, nikakaa kitandani. Kilichoniuma kuliko shoti ni kazi yangu. Nimeandika habari nyingi za nyumba kuungua, na karibu zote nimezimalizia kwa sentensi yetu ile ile: chanzo kinadhaniwa kuwa ni hitilafu ya umeme. Basi. Mhariri anaridhika, msomaji anafungua ukurasa wa michezo. Kana kwamba hitilafu ni mvua, inashuka tu! Jamani, hitilafu niliyoiona ina watu wake. Yupo aliyenunua waya mwembamba ili abakize hela. Yupo fundi aliyekata ethi. Yupo aliyeiba shaba, yupo mwenye nyumba anayejua, na yupo mpangaji aliyevaa kandambili akanyamaza. Huyo wa mwisho ni mimi.

Msianze kuilaumu TANESCO. Wajibu wao unaishia kwenye mita. Kuanzia hapo kuingia ndani ni juu ya mwenye nyumba, na mafundi wa kufunga umeme majumbani wanapewa leseni na EWURA. Ni nani kati yetu amewahi kumwuliza fundi leseni? Tunauliza bei tu, tena tunaomba apunguze.

Sisemi kila mtu awe fundi. Mimi mwenyewe niliishia kuangalia. Kuunga nyaya za bafuni ni kazi ya mwenye leseni. Ninachosema ni kwamba mtu aliyesoma fizikia mpaka kidato cha nne hana kisingizio cha kutojua kama nyumba anayolala ina ethi, waya wa unene unaotosha, na breka inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampia 30. Ndala iliyolowa, mkono mmoja kwenye bomba na mwingine kwenye ukuta wenye maji, haikuokoi.

Nimempelekea mama orodha ya vitu hivyo vitatu. Kasema ni gharama, kama nina haraka nilipe mwenyewe au nitafute chumba kingine. Kwa sasa nazima breka ya bafu kila asubuhi, na kila jioni naikuta imewashwa, maana watu wanataka maji ya moto.

Chumba cha pili kuna dada ana mtoto wa miaka miwili. Mtoto anaogeshwa humo humo, miguu mitupu.

Ungekuwa wewe, ungelipa, ungehama, au ungeandika?