Kasi ya Kompyuta, Ukweli wa Rejesta

Mwaka 2006 mradi wa malariacontrol.net, ulioongozwa na Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, ulifunguliwa kwa umma. Watu wa kujitolea waliazimisha kompyuta zao za nyumbani zikokotoe jinsi malaria inavyoenea na jinsi chanjo au vyandarua vinavyoweza kuipunguza.

Katika miradi ya aina hii, wapo wanaozinoa programu zilingane na prosesa zao ili kazi iishe upesi. Kasi hiyo ni njema, lakini haitoshi. Prosesa mbili zaweza kutofautiana katika tarakimu za mwisho. Tena kazi moja mara nyingi hupewa kompyuta zaidi ya moja na majibu yakalinganishwa, kama slaidi ya damu inayosomwa na wataalamu wawili.

Hata hivyo, hakuna prosesa inayosahihisha takwimu mbovu. Huko Bagamoyo, ambako chanjo ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto, kila namba ilianzia kwa mtoto aliyepimwa. Homa inayoandikwa “malaria” bila kipimo huupotosha ukokotozi, na pengine huficha nimonia inayoua. Basi mhudumu apime kabla ya kuandika, na mzazi ana haki ya kuuliza: “Kipimo kimeonyesha nini?”