NANI AMEFUNGA MLANGO WA KARAKANA?



Mara nyingi katika ukurasa huu twaandika habari za mishahara, nyumba na saa za kazi. Leo twaomba mtusikilize kwa jambo jingine, ambalo wengine watasema si la chama. Sisi twasema ni la chama hasa. Ni habari ya vijana wenye ulemavu wanaosoma katika vyuo, na kazi watakayoipata wakimaliza, au watakayoikosa.

Kwanza lazima nikiri kosa langu mwenyewe, maana haifai mhariri kuwakemea watu hali naye yumo. Miaka michache iliyopita, siku yangu ya mapumziko, nilikuwa nimeketi kwa rafiki yangu mwenye karakana ya umeme. Akaja binti mmoja na barua ya chuo. Binti yule hasikii, alikuja na mdogo wake wa kumsemea. Barua ilisema yuko mwaka wa pili katika ufundi wa umeme, naye aomba mafunzo ya kazini kwa miezi mitatu, bila mshahara. Rafiki yangu akanigeukia, akasema, "Wewe ni mtu wa reli, wajua mambo ya hatari. Wasemaje?" Nami nikajibu upesi, bila kufikiri, "Huyu hatasikia ukimpigia kelele. Akipata ajali utalipa wewe."

Basi, ikawa ndiyo hukumu. Binti alikuwa amekwisha kusoma nyuso zetu kabla mdogo wake hajamwambia neno. Akaikunja barua yake vizuri, akaitia tena katika bahasha, akatuinamia kichwa kwa adabu, akaenda zake.

Zikapita wiki nyingi. Katika mkutano wa tawi, tulipofika kwenye mengineyo, akasimama mwenzetu mmoja wa genge la njia, mtu asiyesema sana. Akasema binti yake amekaa tu nyumbani kule Sagalla. Amezunguka karakana saba na zote zimemkataa, na bila mafunzo ya kazini hapati cheti. Akauliza kama chama kina neno. Akajibiwa kwamba jambo lile halikuwa katika orodha ya mkutano. Akaketi. Mimi nilikuwa nimemtambua binti ni yupi tangu aliposema habari ya umeme, nami nilinyamaza kimya, nikitazama viatu vyangu.

Tangu siku hiyo nimelifikiri sana jibu langu, nami naona lilikuwa la kipumbavu, hasa likitoka kinywani mwa mtu wa reli. Reli yetu yaendeshwa kwa macho. Mtu wa kupanga mabehewa humwambia dereva kwa mkono aje, aende polepole, asimame. Bendera nyekundu, bendera ya kijani, na usiku taa. Injini inaponguruma katika yadi hakuna anayemsikia mwenziwe, sote tu viziwi, na kazi yaendelea. Sisemi kwamba asiyesikia apelekwe peke yake katika njia kuu ipitapo treni. La, hilo ni kumwua, na kila mtu wa genge ajua kwamba ile honi ndiyo iliyomwokoa mara ngapi. Lakini mezani pa kutengeneza mota, katika stoo, katika ofisi ya hesabu, katika nyumba inayotiwa waya kabla umeme haujafunguliwa, ni kitu gani atakachokosa? Fundi wa umeme hapimi waya kwa masikio, hupima kwa mita.

Wazee wetu walisema kilema, na katika vitabu vya misheni tulivyosomea kiwete na kipofu walikuwamo karibu kila ukurasa, wakingoja kuponywa. Siku hizi twaambiwa tuseme mtu mwenye ulemavu. Ni vema, tuseme hivyo. Lakini binti yule hakuja kutuomba jina jipya, alikuja kutuomba bisibisi.

Watu hawa si wachache. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika Kenya wako watu wapatao 900,000 wenye ulemavu, wa miaka mitano na zaidi. Wala si kwamba hakuna mahali pa kuwafundisha. Hapa Voi tunayo Coast Institute of Technology, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilichopewa hati yake mwaka 2016. Kule Bura kiko kituo cha serikali cha kuwafundisha kazi watu wenye ulemavu, na vituo vya namna hiyo hufundisha ushonaji, useremala na kazi za ngozi. Mbali zaidi ziko taasisi za ufundi zilizowekwa kwa ajili yao, ya wasioona Machakos, za viziwi Karen na Nyang'oma, na ya wasioona na viziwi huko Sikri. Mzazi wa Taita mwenye mtoto wa namna hii, kama hajui majina hayo, na ayaandike.

Kwa hiyo mafundisho yapo. Taabu huanza mwanafunzi anapotoka chuoni na barua mkononi, maana hapo hakutani tena na mwalimu, hukutana na sisi. Twajidanganya tukisema ni waajiri peke yao. Mwenye kampuni hakai mlangoni. Anayekaa mlangoni ni karani, ni nyapara, ni fundi mkubwa anayeulizwa, "Huyu twaweza kumchukua?" Na wengi wa hao ni wanachama wetu wanaolipa ada kila mwezi.

Hebu tuitazame sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, kuingia katika vyuo, na kufika mahali pote na kupanda vyombo vya usafiri wa watu wote. (Juu ya usafiri, wako vijana wa viti vya magurudumu wanaoteremka kutoka Wundanyi kwa matatu na kutozwa nauli mbili, ya mtu na ya kiti. Hilo tutaliandika siku nyingine.) Kisha ilikuwako sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003. Wengi walikuwa wakiisifu kwamba imeweka nafasi tano katika kila mia. Lakini mwanachama wa chama cha wafanya kazi lazima asome maneno yenyewe. Sheria ile ilisema Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu litajitahidi kupata nafasi hizo, tena katika kazi za kibarua, za dharura na za mkataba. Litajitahidi! Na kibarua! Sisi tumegombana miaka mingi ili watu watolewe katika ukibarua, na kumbe wenzetu walikuwa wakiahidiwa huo huo ukibarua kama zawadi.

Mwezi wa Mei 2025 Rais alitia sahihi sheria mpya mahali pa ile ya zamani. Hii yamwelekea mwajiri mwenyewe: kila mwajiri mwenye wafanya kazi 20 au zaidi, awe wa serikali au wa kampuni, atenge angalau nafasi tano katika mia. Penye watu 20 ni mmoja. Penye watu 200 ni 10. Tafadhali kila mmoja ahesabu mahali pake pa kazi wiki hii, katika mashamba ya mkonge ya Mwatate, katika mahoteli ya mbugani Tsavo, katika ofisi za kaunti, na kwetu relini pia, wala asiseme, "Kwetu ni kazi nzito." Hakuna kazi nzito isiyokuwa na karani, na mtu wa stoo, na mtu wa simu.

Waajiri watalia gharama. Wajibiwe kwamba hata sheria ya 2003 ilimpa mwenye kampuni nafuu ya kodi kwa mshahara wa mfanya kazi mwenye ulemavu, na nafuu nyingine akitengeneza ngazi na milango ili mtu huyo aweze kupita. Tena iko fedha nyingine ambayo wachache kati yetu huifahamu. Mwajiri hutoa shilingi 50 za kila mwezi kwa kila mfanya kazi, zikaenda kwa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, iitwayo NITA. Fedha hizo hutolewa kwa hesabu ya vichwa vyetu, nazo ni za mafunzo. Basi chama kinayo haki ya kuuliza ni wanafunzi wangapi waliopokewa mwaka huu kwa mafunzo ya kazini, na kati yao wenye ulemavu ni wangapi. Nadhani jibu la swali la pili litakuwa fupi.

Sasa nawaambia wale wenzangu wanaosema jambo hili ni la huruma, wapelekewe watu wa makanisa. Ndugu, tazama mikono yako. Sisi tunaofanya kazi kati ya vyuma tumekaa karibu sana na ulemavu. Behewa likiteleza kidogo tu, mtu aliyekuja kazini asubuhi na miguu miwili hurudi na mmoja. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya ajali kazini yasema aliyepoteza uwezo wote hulipwa mshahara wa miezi 96, na aliyepoteza sehemu hulipwa kwa kadiri ya sehemu hiyo. Fedha hizo zahitajiwa, nasi tumezipigania kwa ajili ya wengi. Walakini miezi 96 ni miaka minane, na mtu wa miaka 33 bado ana watoto wa kusomesha baada ya miaka minane. Anachotaka mtu huyo ni kufundishwa kazi nyingine na kurudi kazini. Mkataba wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuthibitisha mwaka 2008, wawataja hasa wale waliopata ulemavu wakiwa kazini, tena wasema lazima waweze kuzitumia haki zao za chama cha wafanya kazi sawa na wengine. Na mlango atakaorudia mwenzetu aliyekatika mguu ni ule ule tuliomfungia binti wa Sagalla.

Jambo jingine ni la kuandikishwa. Nimeshangaa kuona wanafunzi wa vyuo, watu waliosoma kuliko mimi, ambao hawajajiandikisha kwa Baraza. Mtu huenda hospitali ya serikali iliyoruhusiwa kupima ulemavu, akapata karatasi ya madaktari, kisha huandikishwa na kupewa kadi. Bila kadi hawezi kuomba msaada wa karo kwa Baraza, wala vifaa kama kiti cha magurudumu au vya masikio, wala vyombo vya kuanzia kazi, wala jina lake haliingii katika orodha ambamo waajiri hutafuta watu. Na akipata kazi, akiwa na hati ya msamaha kutoka kwa watu wa kodi, shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazikatwi kodi. Wengi wetu mshahara wa namna hiyo hatujauona hata ndotoni, maana yake ni kwamba mfanya kazi wa kawaida mwenye ulemavu asingekatwa kodi ya mshahara hata senti moja. Lakini asipokuwa na hati hukatwa kama watu wote, wala hakuna karani atakayemkumbusha.

Baadhi ya wazazi huona haya kumpeleka mtoto kupimwa. Sitawatukana. Katika milima yetu maneno ya majirani ni mazito, na nauli ya kushuka hospitali mara tatu kwa ajili ya karatasi moja si kidogo. Lakini kijana anayemaliza chuo bila kadi amepoteza miaka ya msaada aliyokuwa na haki nayo.

Kwa hiyo twaiomba Kamati ya tawi, katika mapatano mapya na mwajiri, iandike kifungu juu ya wanafunzi wa mafunzo ya kazini wenye ulemavu, kwa idadi na si kwa neno "kujitahidi". Twawaomba wawakilishi wa wafanya kazi kila idara wakubali kumpokea mmoja na kumpa fundi wa kumwangalia. Mimi nimekwisha kujitolea. Nimeanza kujifunza ishara za mikono za viziwi, na vijana wa idara yangu wanicheka kwa kuwa vidole vyangu vimezoea spana tu.

Binti yule alipata nafasi mwishowe, huko Mombasa, mbali na kwao, na baba yake alilipa chumba kwa miezi mitatu kutoka katika mshahara wa genge. Nimekwenda kwa baba yake nikamweleza habari ya siku ile karakanani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema iko mvulana mwingine katika jirani yake, asiyeona vizuri, asomaye uhasibu, ambaye barua yake yatoka mwezi ujao.

Mkutano wa tawi utakuwa Jumapili ya kwanza, saa nane mchana. Safari hii jambo limo katika orodha, namba mbili, kabla ya habari ya nyumba. Mwenye mtoto au ndugu chuoni na aje na jina lake, chuo chake, kazi anayosomea, na aseme kama ana kadi au hana. Daftari litakuwa mezani kwa Katibu, na jina la mvulana yule nimekwisha kuliandika mstari wa kwanza.