Kabla mzee hajauza ng'ombe, tuonyesheni namba

Makamanda, matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, hapa Turwa swali ni moja: "Kijana anaenda chuo gani?" Hakuna anayeuliza ataenda kwa gharama gani, wala atatoka na nini.

Mimi nilijibu kifua mbele: uhandisi mitambo. Mzee akauza ng'ombe wawili, mkopo ukaziba pengo. Leo nina digrii, na nachomelea mageti kwenye karakana ya binamu yangu aliyeishia kidato cha nne akaenda VETA. Yeye ndo bosi. Simwonei wivu, ila nimekaa nikapiga hesabu ambayo hakuna aliyenipigia mapema.

Tuanzie kidato cha nne. VETA, ngazi ya kwanza hadi ya tatu, ni miaka 3. Ada tuliyoizoea ni 60,000 kwa mwaka kwa kutwa, 120,000 kwa bweni. Stashahada ya uhandisi mitambo, DIT au Chuo cha Ufundi Arusha, miaka 3 pia. Digrii ya UDSM: miaka 2 ya kidato cha tano na sita, kisha 4 ya chuo. Ukitaka usajili wa mhandisi mtaalamu, ongeza 3 ya mazoezi kazini chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Jumla 9!

Na mkopo hausahau. Tangu sheria ilipobadilishwa 2016, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, siyo 8 ya zamani. Ukilipwa 800,000, kila mwezi inaondoka 120,000. Yaani makato ya mwezi mmoja ni ada ya bweni VETA mwaka mzima.

Sisemi digrii haina maana. Bila usajili sheria haikutambui kama mhandisi, na usajili huo unaanzia chuo. Ila cheti kinalipa pale tu kazi ipo. Sisi ni majirani wa mgodi wa North Mara, ambao serikali ina hisa asilimia 16. Kanuni za madini za 2018 zinataka Mtanzania apewe kipaumbele kwenye ajira. Basi tuambiwe: nafasi za wahandisi mitambo ni ngapi, za mafundi ngapi, na vijana wa Tarime wamepata ngapi?

La pili ni Bodi ya Mikopo. Inajua ilimkopesha nani, chuo gani, kozi gani. Inajua pia nani anakatwa mshahara kila mwezi. Ikiweka orodha hizo mbili pamoja, itajua kati ya waliosoma uhandisi mitambo kila chuo, wangapi wameajiriwa miaka miwili baadaye. Itoe namba bila majina, zibandikwe kila sekondari. Najua sisi tuliojiajiri hatutaonekana vizuri humo. Sawa, tuanze na walioajiriwa.

Hili halihitaji maandamano. Mura, kwenye mkutano ujao wa kata nyoosha mkono, uliza maswali haya mawili, kisha dai majibu kwa maandishi. Mdogo wako yuko kidato cha nne, na zizini wamebaki ng'ombe wachache.