Karani Tu

Neno "tu" lina herufi mbili, na wanafunzi wa Kiswahili hulijua tangu wiki za mwanzo. Hupunguza kile kinachotajwa: maji tu, mmoja tu, leo tu. Lakini mwulize kijana aliyehitimu chuo kikuu mwaka jana anafanya kazi gani siku hizi, nawe utalisikia likitumika kwa namna nyingine. "Niko ofisini tu, naingiza majina kwenye kompyuta." "Mimi ni karani tu." Kisarufi sentensi hizi hazina kasoro. Msemaji wake, hata hivyo, anaomba radhi kwa ajili ya kazi yake kabla hajatokea mtu wa kuilaumu.

Aibu hiyo hakuzaliwa nayo. Hapa Uganda, wakati wa utawala wa Waingereza, kijana aliyejua kusoma na kuandika, akapata kiti katika ofisi ya wilaya, alikuwa fahari ya ukoo mzima. Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, ikifundisha useremala, ujenzi na umakanika. Leo vyuo vikuu vyetu hutoa wahitimu kwa maelfu kila mwaka, na siku ya mahafali kila mmoja wao huambiwa kwamba yeye ni kiongozi wa kesho. Maneno hayo ni matamu, ila hayana hesabu ndani yake. Nchi haiwezi kupata viongozi maelfu kila mwaka. Inahitaji pia watu wa kupokea fomu, kuzikagua, kuzipiga mhuri na kuziweka mahali zitakapopatikana. Mhitimu analirudisha joho alilokodi, miezi inapita, mwishowe kazi inapatikana, nayo ni hiyo ya fomu. Jioni anafungua simu na kuona picha za wenzake wa darasa moja: huyu yuko Nairobi, yule yuko Kigali mbele ya jengo la vioo. (Picha ya mtu aliyekaa mwaka mzima nyumbani akitafuta kazi hutaiona, maana hakuna anayeituma.) Hapo ndipo "tu" inapozaliwa.

Kuna kitenzi ambacho ningependa mkiandike katika madaftari yenu: kukinai. Maana yake moja ni kuridhika na ulicho nacho, na nomino yake ni kinaa. Maana yake nyingine ni kushibishwa kitu hadi kikakuchosha. Mtu anayekula viazi vitamu asubuhi na jioni kwa mwezi mzima atakuambia kwamba amekinai viazi. Mwanafunzi akikutana na maana hizi mbili hudhani kamusi imechanganya mambo. Mimi naona lugha imeona mbali. Kiti kilekile, dirisha lilelile na rundo lilelile la karatasi vinaweza kumpa mtu mmoja kinaa na kumkinaisha mwenzake, hata kama mshahara wao ni mmoja.

Tofauti yao ni nini? Wapo washauri wanaosema iko moyoni: badilisha mtazamo, amka na tabasamu, ipende kazi nayo itakupenda. Ushauri huu sikubaliani nao. Mtu hawezi kujilazimisha kuipenda karatasi. Wanaoridhika na kazi hizi, kwa kadiri nilivyowaona, wana jambo moja ambalo wenzao hawana: wanajua karatasi inakwenda wapi ikitoka mikononi mwao, na ni nani anayeingojea huko.

Chukueni kazi ya kuandikisha watu. Mwaka 2014 serikali ya Uganda ilianza kuandikisha raia kwa wingi ili wapewe vitambulisho vya taifa, na sheria ya mwaka 2015 ikaikabidhi kazi ya kusajili vizazi, vifo na vitambulisho kwa mamlaka moja inayojulikana kwa kifupi cha NIRA. Ukisikia habari hizo redioni unafikiria mitambo na mawaziri. Lakini kila jina lililomo katika daftari hilo liliingizwa na mtu aliyekuwa amekaa mbele ya kibodi, pengine kijana aliyemaliza shahada yake karibuni na aliyejiona kuwa yuko pale tu.

Sasa fikirini bibi aliyezaliwa mwaka 1938. Mwandishaji amechoka, jua limemwelekea usoni, anaandika 1983. Ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, kosa ambalo katika mtihani wa hesabu lingekugharimu alama moja. Baadaye mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee ulienezwa nchi nzima, ukiwalenga waliofikisha miaka 80 na kuwapa shilingi 25,000 kwa mwezi. Anayethibitisha umri wa mzee ni kitambulisho. Bibi anafika mahali pa malipo akiwa na mgongo uliopinda na wajukuu wanaomshika mkono, na kompyuta inasema kwamba ana umri wa binti yake. Bibi huyu nimemkisia mimi, lakini wazee waliokosa posho hiyo kwa sababu ya mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa vibaya wapo, na kilio chao kimeandikwa sana nchini humu.

Au chukueni jina. Pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa huitwa Wasswa kwa Baganda. Upande wa mashariki wengi huandika Waswa. Mtoto amesajiliwa kwa herufi "s" mbili. Akafanya mitihani ya taifa, cheti kikatoka na "s" moja. Miaka kumi baadaye anaomba pasipoti, anaambiwa kwamba nyaraka zake ni za watu wawili. Ataanza kutafuta wakili wa kumwandikia hati ya kiapo, atalipa ada, atapoteza siku. Nani wa kulaumiwa? Hakuna anayejua. Ilikuwa Jumanne moja katika ofisi fulani, na karani fulani hakumwuliza mzazi: "Samahani, mama, jina la mtoto tunaliandikaje?"

Swali hilo moja ndilo kazi yenyewe, na shida yake ni kwamba halionekani. Jina likiandikwa sawasawa, hakuna atakayerudi kushukuru. Litapita katika shule, benki na hospitali miaka sitini bila mtu kulitazama mara mbili. Kosa ndilo lenye historia. Karani hodari anaweza kufanya kazi miaka mitano asisikie sifa hata moja, na hiyo ni dalili kwamba kazi imefanyika. Ndiyo maana kinaa ya kazi hizi ni ngumu kwa vijana waliolelewa kwa alama na vyeti. Wamezoea kila jitihada irudishwe ikiwa na wino mwekundu pembeni.

Mazoea nayo yana hatari yake. Fomu ya kwanza asubuhi husomwa kwa makini. Ya hamsini husomwa nusu. Ya mia huandikwa na vidole peke yao huku akili iko kwingine. Nimewahi kusikia kwamba mtu mwenye elimu kubwa hawezi kudumu katika kazi ya namna hii kwa sababu akili yake haina chakula. Labda. Lakini shahada, kama ilifundishwa vizuri, ilikuwa mazoezi ya kukitazama kitu kilekile mara ya mia na bado kukiona. Mliosoma historia mmekaa na nyaraka za zamani mkilaani mwandiko wa makarani waliotutangulia. Nyinyi hasa mngepaswa kuandika kwa kuwahurumia watakaokuja.

Upande wa pili wa kaunta kuna maneno mawili ambayo raia wote wa Afrika Mashariki wameyakariri: "Njoo kesho." Kwa anayeyasema ni pumzi ya dakika moja. Kwa mzee aliyetoka kijijini alfajiri, ni nauli ya bodaboda hadi barabarani, nauli ya basi hadi mjini, siku moja bila jembe, kisha vyote hivyo tena. Mara nyingine kesho ni ya lazima, kwa kuwa mwenye kutia sahihi hayupo au mtandao umekatika. Basi mzee aambiwe hivyo, na aambiwe saa ya kurudi. Kwa Katiba ya Uganda, ibara ya 41, na kwa sheria iliyotungwa mwaka 2005, raia ana haki ya kupata taarifa zilizoko mikononi mwa serikali, isipokuwa zile zinazogusa usalama wa nchi au faragha ya mtu mwingine. Karani anayemfungulia jalada lake hamfanyii hisani.

Na hapa nitasema jambo ambalo huenda likawakera baadhi yenu. Tunapozungumzia rushwa tunawafikiria wakubwa wenye magari marefu. Rushwa ambayo mkulima anaijua ni ya jalada "lililopotea" ambalo huonekana tena akitoa shilingi elfu tano ya chai. Umaskini wa karani ni sababu mojawapo, sikatai. Ila ipo nyingine: mtu anayeiona kazi yake kuwa si kitu haoni uchungu kuiuza. "Tu" ile ya aibu hushusha bei.

Mnaosoma Kiswahili mnalijua jina la Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Mnafundishwa mashairi na hadithi zake. Ni wachache wanaoambiwa kwamba maisha yake ya kazi yalikuwa ya karani wa serikali ya kikoloni. Alianza mwaka 1926 katika idara ya forodha, akiwa kijana wa miaka 17, na miaka yake ya mwisho ya utumishi aliipitisha katika ofisi ya upimaji wa ardhi huko Tanga. Kusadikika ilipochapishwa mwaka 1951, mwandishi wake alikuwa bado mtu wa ofisi. Ni kisa cha nchi inayowafunga gerezani wajumbe wake waliotumwa kuleta maarifa, na cha Karama, anayeshitakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, akisimama barazani kujitetea. Siwezi kuamini kwamba mtu aliyeandika vile hakujifunza lolote kutokana na miaka yote ile ya barua rasmi na amri zilizokuwa zikishuka kutoka juu.

Msinielewe vibaya. Simtaji Shaaban Robert ili kila karani aende kutunga kitabu, wala ili kuwapoza kwamba mambo ni mazuri. Utawala ule uliwawekea Waafrika dari ambayo hata mtu wa kipaji chake hakuweza kuivuka ofisini, na hilo lilikuwa dhuluma. Aliitenda kazi yake, na wakati huohuo aliandika juu ya nchi isiyotenda haki. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja.

Yanaweza kukaa ndani yenu pia, na lugha inawapa msamiati wa kuyatenganisha. Kuridhika ni jambo moja. Kuridhia ni jingine. Anayeridhika ametulia rohoni. Anayeridhia amekubali, ametoa idhini. Karani anaweza kuridhika na kazi ya kuandika majina bila kuridhia kulipwa miezi miwili nyuma. Mwajiri mjanja hupenda kuyachanganya maneno hayo. Akisikia kwamba unaipenda kazi, huchukulia kuwa umeipenda na mishahara yake.

Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na kiwango hicho kilikaa katika vitabu kwa miongo bila kurekebishwa. Kwa bei za Kampala ya leo ni sahani moja ya matoke na maharage, na mwezi mzima umekwisha. Kwa hiyo kiwango cha sheria hakitawalinda. Kitakachowalinda ni mkataba. Wapo vijana wanaokaa ofisini mwaka na zaidi kwa jina la "kujitolea", wakifanya kazi ileile ya wenye mishahara, wakihimizwa kushukuru kwa uzoefu. Kwa hao sina neno la kinaa. Zipo pia ofisi ambazo karatasi zake haziendi popote, ripoti huandikwa ili ziwekwe kabatini, na anayeondoka hapo kwa sababu hiyo ameona sawasawa.

Lakini kama kazi yako ni ya kweli, na wewe ni mgeni ndani yake, isome Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 kabla hujanung'unika na kabla hujanyamaza. Muda wa majaribio hauzidi miezi sita, na hauongezwi pasipo wewe kukubali. Kila miezi minne ya kazi mfululizo inakupa siku saba za likizo yenye malipo. Una haki ya kupewa masharti ya kazi yako kwa maandishi. Ikiwa mwezi wa saba umeingia na barua haijaja, andika ombi lako kwa adabu, tarehe juu, sahihi chini, ulipeleke masjala lipigwe mhuri wa kupokewa, na ubaki na nakala. Unajua jinsi ya kufungua jalada.