Usimpe pole tu, tembea naye



Mfikirie mama mmoja wa Mkongo, wilayani Rufiji, aliyeambiwa ana saratani ya mlango wa kizazi. Anapewa rufaa ya mionzi, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Atatoka Mkongo hadi Kibiti, apande gari la Mbagala, kisha atafute ndugu wa kumpokea, maana mionzi kwa kawaida hupigwa siku tano kwa wiki, kwa majuma kadhaa. Akimaliza anarudi kijijini. Jumapili kanisa linamwombea, jumuiya inapitisha bahasha, wazee wanakwenda kumpa pole. Baada ya hapo kila mtu anashika jembe lake.

Yeye anabaki mkekani. Tunamwambia, "Mama, pumzika, usifanye chochote." Watoto wanamnyang'anya ufagio. Tunadhani huo ndio upendo. Siku zinapita, miguu inalegea, usingizi unakata, mawazo yanajaa. Huko nje kuna wanaonong'ona kwamba amerogwa, au ana dhambi aliyoificha. Mwisho hata ibadani haji tena.

Zamani madaktari wengi nao walishauri mgonjwa wa saratani apumzike tu. Ushauri huo umebadilika. Mwaka 2019 wataalamu wa nchi mbalimbali, walioitishwa na Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo, walieleza kwamba mazoezi ya wastani, kama kutembea nusu saa mara tatu kwa wiki, hupunguza uchovu, wasiwasi na sonona kwa wagonjwa hawa.

Mwaka 2025 yakatoka matokeo ya utafiti mwingine, uliofanyika Canada, Australia na kwingineko. Ulihusu watu 889 wenye saratani ya utumbo mpana, waliokwisha kupasuliwa na kumaliza dawa. Wote walipewa vijitabu vya afya. Nusu yao wakaongezewa mpango wa mazoezi wa miaka mitatu, pamoja na mtu wa kukutana nao na kuwatia moyo. Baada ya miaka mitano, katika kila 100 wa kundi lenye mtu, takriban 80 walikuwa hai na saratani haijarudi. Katika kundi la vijitabu peke yake walikuwa 74. Utafiti huo ni wa saratani moja, na mazoezi hayakuchukua nafasi ya dawa. Lakini tofauti hiyo si ndogo.

Mimi nimeguswa na lile la mtu. Sisi makanisani tuna maneno mazuri, tuna bahasha, tuna maombi. Je, mama yule tumempa mtu?

Soma Luka 24. Wanafunzi wawili wanakwenda Emau, wamevunjika moyo. Yesu mfufuka hakuwasimamisha njiani awahubirie. Alianza kwa kutembea nao. Akawauliza wanazungumza nini, akawasikiliza mpaka wakamaliza uchungu wao, ndipo akawafungulia Maandiko. Jioni akaketi nao mezani. Na wale waliokwenda wakiwa wamekata tamaa wakapata nguvu ya kurudi Yerusalemu saa ile ile.

Basi jumuiya ifanye hivyo. Watu watatu wagawane siku za juma. Kwanza wamsindikize kwa daktari au muuguzi wakaulize anaweza kufanya nini, hasa kama saratani imefika kwenye mifupa, au ana upungufu wa damu, homa au kizunguzungu. Akiruhusiwa, waanze asubuhi kabla ya jua kali, hadi kwenye mkorosho wa jirani na kurudi. Akichoka, wakae kivulini. Akitaka kufagia uwanja wake, mwacheni afagie. Akitaka kunyamaza, nyamazeni naye. Na asitokee mtu, hata awe mtumishi, wa kumwambia aache dawa ili kuonyesha imani.

Tusiwasahau akina baba wenye saratani ya tezi dume, ambao wengi huificha kwa aibu. Mwanamume atembee na mwanamume mwenzake. Tena Rufiji yetu majirani wengi ni Waislamu, na tunazikana na kuozeshana kila siku. Jirani wa msikitini naye ana miguu. Mwombeni ashike zamu yake.

Ndugu yangu, kazi hii haihitaji harambee wala kamati. Inahitaji nusu saa yako.

Leo ukitoka ibadani, pitia nyumbani kwake. Piga hodi. Pole ameshapewa nyingi. Wewe mwambie, "Mama, vaa kandambili zako, twende hadi pale kwenye mkorosho."

Jumapili njema.