Daktari, Uliza Kuhusu Shingo

Mwaka 1995, wasichana wawili wa San Diego, Marekani, waliuawa na wanaume waliokuwa wapenzi wao. Vifo hivyo viliwafanya waendesha mashtaka wa jiji hilo wapitie upya majalada 300 ya kesi ambamo mtu alikabwa shingo akanusurika. Nusu ya waathirika hawakuwa na alama yoyote ya kuonekana kwa macho, na asilimia 35 walikuwa na alama hafifu mno zisizofaa hata kupigwa picha. Maana yake ni kwamba daktari anayengoja kuona michubuko ndipo ashtuke, atawapita walio wengi.

Mishipa ya damu ya shingoni hubanika upesi kuliko koromeo. Damu isipofika kwenye ubongo, mtu huweza kuzimia ndani ya sekunde 10 hivi, pengine pasipo hata mkwaruzo kwenye ngozi. Hatari haiishi mkono unapoachia. Ukuta wa ndani wa ateri ukichanika, damu huganda hapo, na bonge likisafiri hadi kwenye ubongo, kiharusi huweza kumpata mtu siku kadhaa baadaye.

Kwa hiyo dalili zitafutwe kwa makini: sauti iliyokwaruza, kumeza kwa shida, vidoa vyekundu vidogo machoni au ndani ya kope, kujikojolea bila kujitambua. Mwanamke anayesema, "Nilishtukia niko chini," huenda alizimia. Asipoulizwa, ataandikiwa dawa ya koo na kurudi kwa aliyemkaba.

Aulizwe akiwa peke yake, mume akiwa nje ya chumba, na kwa maneno ya wazi: "Dada, amewahi kukukaba au kukubana shingo, kwa mkono, kwa kabali au kwa kanga?" Kumuuliza tu kama walipigana hakutoshi, kwa kuwa wengi hawahesabu kukabwa kuwa ni kupigwa.

Wapo watakaosema foleni ni ndefu na kipimo cha CT hakipo katika hospitali nyingi za wilaya. Ni kweli, lakini swali hilo halimalizi hata dakika moja. Aliyezimia, aliyebadilika sauti, anayeumwa shingo au mwenye dalili za ubongo anastahili kupigwa picha ya mishipa ya shingo. Pasipo na kipimo hicho, abaki chini ya uangalizi huku rufaa ikiandaliwa. Mjamzito achunguzwe pamoja na mtoto aliye tumboni.

Suala gumu zaidi ni polisi. Je, daktari atoe taarifa hata mgonjwa akikataa? Naelewa wanaosema ndiyo, maana uhai umo hatarini. Hata hivyo, naamini mtu mzima mwenye akili timamu aachiwe uamuzi huo, isipokuwa pale sheria inapoagiza vingine au watoto wanapokuwa hatarini. Taarifa ikimfikia mume kabla mke hajapata pa kujihifadhi, atakayelipa ni mke, na hospitali hatarudi tena.

Lakini kumwachia uamuzi si kumnyima ukweli. Utafiti wa Nancy Glass na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2008, ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake alikuwa na uwezekano wa kuuawa naye mara saba hivi zaidi. Aambiwe hivyo bila kuficha, kisha asaidiwe kupanga atalala wapi usiku huo. Kwa Tanzania, aelekezwe kwenye Kituo cha Mkono kwa Mkono au Dawati la Jinsia na Watoto, na matibabu ya dharura yasingoje fomu ya polisi, PF3.

Fomu hiyo nayo ijazwe kwa uangalifu. "Hakuna jeraha" ni maneno mawili yanayoweza kuua kesi. Iandikwe sauti ilivyo, maumivu yako wapi, alikabwa kwa kitu gani na kwa namna gani, na maneno ya mgonjwa mwenyewe. Uingereza na Wales, tangu Juni 2022, kumkaba mtu shingo ni kosa linalojitegemea, lenye kifungo cha hadi miaka mitano. Hata sheria kali kiasi hicho huhitaji ushahidi, na mara nyingi daktari ndiye wa kwanza mwenye nafasi ya kuuandika.

Wizara za afya na vyuo vya utabibu viliingize swali la shingo katika fomu za mapokezi ya dharura. Daktari uliye zamu leo usingoje fomu hiyo, uliza.