Bei ya Mlangoni na Bei ya Ndani

Mwezi uliopita nilitoka Mombasa kwa matatu, nikashuka Maungu kabla ya kufika Voi, kisha nikaifuata ile njia ya vumbi hadi Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Nilikwenda kumjulia hali dada yangu, aliyeolewa huko na Mtaita zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Nilidhani nimekwenda kunywa chai na kutazama mawingu yakikaa juu ya mlima. Kumbe nilikuwa nimeitwa barazani kuamua kesi.

“Shikamoo mjomba,” akaniambia mpwa wangu kabla sijavua viatu. “Nina jambo.”

Jambo lenyewe, msomaji mpenzi, lilikuwa hili. Kijana huyu amefanya kazi ya ujenzi Voi miaka miwili, akabana tumbo hata akaweka shilingi 60,000. Sasa ataka kufungua chumba cha michezo, kama vile vilivyojaa kila mji wa nchi yetu, ambamo vijana huketi mbele ya televisheni wakacheza mpira kwa vidole. Shauri lililomkalia kichwani ni moja: anunue mashine ya PlayStation au anunue kompyuta ya mchezo? Ya kwanza aliiona Mombasa, iliyotumika, aina ya nne, na pedi zake mbili, kwa shilingi 28,000. Ya pili, nayo iliyotumika, waliitaka 65,000. Rafiki zake wamegawanyika. Hawa wasema kompyuta ni ghali lakini ni mali. Wale wasema PlayStation ni rahisi na ndiyo waitakayo watu. Naye ataka mjomba amwongezee kitu kidogo, aende na iliyo ghali.

Mimi ni mtu wa kalamu, na elimu yangu ya hesabu ilianzia chuoni, juu ya ubao na mbele ya bakora. Lakini katika jambo la vitu rahisi nina shahada, maana niliinunua kwa pesa yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilimpata muuzaji mmoja akinipa mashine ya kuchapia karatasi kwa bei ya kutupa. Nikaibeba kwa furaha hadi nyumbani. Wino ulipokwisha nikaenda kununua mwingine, nikaambiwa bei, nikadhani nimesikia vibaya. Wino mara tatu ulikuwa ushaipita bei ya mashine. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kuna bei ya mlangoni na kuna bei ya ndani, na mwenye hila hukufungulia mlango ili akudai ndani.

Basi mashine hizi za mchezo zimeanzia hapo hapo. PlayStation ya tatu ilipotolewa mwaka 2006 iliuzwa Marekani kwa dola 499 na dola 599, na bado ilikuwa chini ya gharama ya kuitengeneza. Ya tano ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499, na ni Agosti 2021 tu ndipo Sony walipotangaza kwamba ile yenye mlango wa CD haiuzwi tena kwa hasara. Je, tajiri gani hukubali hasara bure? Hukubali kwa kuwa ajua utarudi kununua michezo, na kila mchezo uuzwapo yeye ana fungu lake.

Tuihesabu ya ndani. Mchezo mpya wa mashine ya tano ni kama dola 70. Ukitaka kucheza michezo mingi na watu walio mbali kwa intaneti, kuna ada, ambayo Septemba 2023 ilipandishwa hadi dola 80 kwa mwaka huko Marekani, kwa daraja la chini. Mashine yenyewe, iliyokuwa dola 499, mwaka 2025 ilipandishwa hadi 549.99. Zamani hizi mashine zilikuwa zikishuka bei kadiri zinavyozeeka: ya pili ilianza na dola 299 mwaka 2000, ikawa 199 mwaka 2002. Sasa yazeeka na kupanda. Basi kwa bei hizo, mtu akinunua hiyo ya tano, akalipa ada miaka mitano, akanunua michezo miwili tu kila mwaka, atakuwa ametoa dola 1,650. Ukihesabu dola kwa shilingi 130, mlangoni alilipa kama 71,500, na mwisho wake ni zaidi ya 210,000. Ndani kumeushinda mlango mara mbili.

Kompyuta nayo tuitendee haki. Kompyuta ya mchezo si ile ya ofisini. Imetiwa kadi ya picha, ambayo kazi yake ni kuchora upesi yale yaonekanayo kiooni, na kadi hiyo peke yake yaweza kula theluthi au nusu ya bei yote. Mwishoni mwa 2025 hata chipu za kumbukumbu zilipanda bei ghafla, kwa kuwa viwanda vimeelekeza macho kwenye majumba makubwa ya akili bandia. Hula umeme mwingi kuliko mwenzake, na vumbi la Kasigau si rafiki wa feni zake. Lakini ukishaingia, hudaiwi ada ya kila mwaka kwa kucheza na wa mbali. Michezo yake hupunguzwa bei mara kwa mara. Kiungo kimoja kikifa hubadilishwa hicho kimoja. Na usiku mchezo ukiisha, asubuhi yaandika barua. Ila nayo ina kasoro yake: mchezo ulioununua kwa intaneti huwezi kumuuzia jirani. CD ya PlayStation waweza kuiuza, kuiazima au kuibadilisha. Ndiyo maana mtu asikimbilie ile PlayStation isiyo na mlango wa CD kwa sababu tu ni nafuu. Aliyeikata bei ameufunga mlango wa soko la mitumba.

Katika haya yote nimeona jambo moja ambalo wapimaji wa bei hulisahau. Wao huuliza kitu ni bei gani. Hawaulizi kiko wapi, na cha nani. Hesabu ya kijana wa London aliye peke yake chumbani si hesabu ya Rukanga. Katika chumba cha mpwa wangu watacheza watu wawili, bega kwa bega, mbele ya kioo kimoja. Hapo ada ya intaneti haimo. Michezo mipya kila mwezi haimo, maana vijana wataka mpira ule ule. Na atakayeshindwa ndiye atakayelipa, shilingi 20, kama ilivyo desturi ya vyumba hivi.

Mchezo wetu wa bao nao ulikuwa hivyo. Mashimo 32, kete 64, mti mmoja, na mtaa mzima. Bao la babu yangu lilichezwa na watu wasiohesabika, na gharama yake iligawanyika hata ikawa si kitu. Mashine ya kuchezea ikiwekwa barazani hufuata sheria ya bao. Ikifungiwa chumbani kwa mtu mmoja hufuata sheria ya muuzaji.

Nikachukua karatasi. PlayStation 28,000, televisheni ya kuazimia kazi 15,000, jumla 43,000. Kwa shilingi 20, hiyo ni michezo 2,150. Wakicheza 30 kwa siku, siku 72 pesa imerudi, kabla ya umeme, pedi zinazovunjika, na siku za giza. Kompyuta ya 65,000 ingetaka michezo 3,250 kabla hajapata hata senti ya chumvi, na nusu ya uwezo wake ingelala bure.

“Basi mjomba, kompyuta ni upuuzi?” akauliza.

“La. Kompyuta ni jambo jema. Iliyo ghali ni ile kadi ya picha.” Nikamkumbusha kwamba siku hizi cheti cha mwenendo mwema, kodi, hata nafasi ya chuo kikuu, vyote huombwa kwa intaneti, na jirani zake hulipa nauli hadi Voi kutafuta wa kuwafanyia. Kazi hiyo haihitaji kadi ya picha. Yataka kompyuta ya kawaida iliyotumika. Amebakiwa na 17,000. Nitamtilia 8,000, zifike 25,000. Asubuhi atawaandikia watu, jioni watacheza.

Lakini pesa yangu ina masharti, nami nayaandika hapa ili kila mwenye chumba cha mchezo ayasome. Michezo 30 kwa siku ni shilingi 600, na hazitoki mbinguni. Hutoka mifukoni mwa watoto wa kijiji kile kile. Baadhi yake ni pesa ya sukari aliyotumwa mtoto na mamake. Mwenye sare ya shule asiingie saa za masomo, na asiye na pesa yake asicheze kwa deni. Hiyo nayo ni bei ya ndani, na ikipuuzwa hulipwa na mama wa watu.

Dada yangu, aliyekuwa akisikiliza akichambua kunde, alicheka akasema, “Kaka, kwa maneno haya yote ungetunga shairi.” Nikamtungia beti moja:

Kitu kikinunuliwa, hakijesha gharamani,
Kuna ada ya kutowa, kila mwaka mfukoni,
Na fundi atatakiwa, kikiingia shidani,
Basi hesabu muruwa, fanya kabla ya dukani.

Mpwa wangu aliniuliza tena, asubuhi nikingoja gari la kurudi Maungu, kama si vizuri anunue na mashine ya kuchapia karatasi. Nikamwambia aulize kwanza bei ya wino.